Feza ya Madame Colette

Viazi ndivyo vilivyompa Sajini Kanamugire nafasi. Lori la Goma lilikuwa limesimama mbele ya ghala la shamba, wapakizi wakipokezana magunia, na Bwana Ajenti, mzungu kijana wa serikali aliyekuwa na haraka ya kurudi mjini, alikuwa ameshatoa neno lake: viazi vikiisha kupakiwa, Béata, mwanamke aliyeshitakiwa kwa wizi, anapanda, na kesi yake inakwenda naye hadi gerezani. Magunia yalikuwa mengi. Kanamugire aliyatazama akayapenda.

"Unatafuta nini tena?" Bwana Ajenti alimuuliza kutoka barazani, kikombe cha kahawa mkononi. "Muntu amekubali. Iko mu maandishi."

"Iko mu maandishi, Bwana Ajenti. Lakini karafe yenyewe haijaonekana. Naomba niitafute mpaka viazi viishe."

"Mpaka viazi viishe. Na usisumbue Madame."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, na ufupi huo ndio uliomkera Kanamugire. Madame Colette, mjane wa Kifaransa mwenye shamba la viazi na siagi juu ya Bihambwe, alikuwa na karafe, chupa ya kumiminia divai, aliyoipenda kuliko kitu chochote cha nyumba ile. Sehemu ya chini ilikuwa kioo kizito cha kristali, kimechongwa mistari inayozunguka kutoka kitako hadi mabegani. Juu ilikuwa feza tupu: shingo, mdomo, kifuniko na mpini, vyote vimepambwa kwa makombe ya baharini na majani ya matete, kwa mtindo wa vyombo vya Mfalme Louis wa Kumi na Tano. Ilikaa kabatini. Jumatatu asubuhi Madame alifungua kabati akakuta mahali pake ni patupu.

Asubuhi hiyo hiyo Béata, mama kijana wa familia ya wafugaji wa kilima cha jirani, alikuwa ameleta maziwa kama kawaida. Bwana Edmond, mpwa wa Madame, aliyefanya kazi kwenye mashimo ya madini ya Omate huko Walikale na aliyekuwa amekuja kumtembelea shangazi yake, alisema alimwona kwa macho yake akitumbukiza karafe ndani ya chombo cha maziwa. Kidole cha Béata kilikutwa na jeraha. Na alipoulizwa, alikiri. Tangu siku hiyo alilala mahabusu, na mtoto wake wa kunyonya alibaki kwa bibi yake.

Kanamugire alikuwa ameitumikia polisi miaka mingi, na alikuwa na chuki moja isiyoisha: kesi inayojifunga yenyewe. Alivua kofia, akazunguka nyumba hadi nyuma ya jiko.

Béata, aliyeletwa kutoka mahabusu kungoja lori, alikuwa ameketi kwenye jiwe la kufulia, kikwembe kimefungwa kifuani, na polisi Makuza amesimama kando yake na bunduki asiyojua aielekeze wapi.

"Papa Sajini, lori iko karibu kujaa?"

"Bado. Nionyeshe kidole."

Aliunyoosha mkono. Kanamugire alikigeuza kidole kwenye mwanga. Alikuwa ameona majeraha ya chupa zilizovunjika, tena mengi, hasa baada ya harusi. Chupa ikivunjika hukata mara moja, tena inaingia ndani. Hapa ngozi ilikuwa imekwaruzwa, mistari myembamba imekaa karibukaribu, kana kwamba kidole kimepitishwa kwenye tupa.

"Ulijikata na nini?"

"Na kioo. Niliisha kusema."

"Kioo gani, mama?"

"Vaze ya maua. Ya mu salon." Béata alimtazama kama anayeulizwa jambo la kitoto. "Nilipomaliza kupima maziwa, Bwana Edmond aliniita. Akasema, weka mayi mu maua. Nikashika vaze ku mudomo, ikanikwaruza. Damu ikaanguka ku kitambaa ya meza. Hata mayi haikujaa muzuri."

"Mbona hukuwaambia hivyo ku buro ya polisi?"

"Baliniuliza kama ni kioo njo ilinikata. Nikasema ndiyo, ni kioo. Kuko uongo hapo?"

Hapakuwa na uongo hapo. Kanamugire alichuchumaa ili macho yao yawe sawa.

"Na kukiri je? Karani Isidore ameandika kama ulikubali."

"Alinisomea. Baliniuliza: ulibeba feza ya Madame? Nikasema, njo mimi nilibeba feza. Madame njo alinipatia, mukono kwa mukono, nikaifunga mu kikwembe. Nikatae kitu yenye nilifanya?"

"Feza gani, Béata?"

"Feza ya maziwa." Alikunja uso. "Kuko ingine?"

Makuza alicheka puani, akajikuta anatazamwa, akakohoa.

Kanamugire alikasirika, na alikuwa na haki. Katika Kiswahili cha huku feza ni yale madini meupe ya vijiko vya wazungu, na feza ni pesa ya kununulia chumvi. Mtu husikia maana kwa kuangalia mazungumzo yanaelekea wapi. Isidore, karani hodari, mwandiko kama wa kitabu, alikuwa ametafsiri bila kosa: aliandika argent. Balaa ni kwamba Kifaransa nacho hutumia neno hilo moja kwa vyote viwili. Béata alisema pesa, karani akaandika neno lenye sura mbili, Bwana Ajenti akasoma sura aliyoitaka. Watu watatu waaminifu walikuwa wamejenga mwizi mmoja, wala hakuna aliyedanganya.

Aliyedanganya alikuwa mwingine.

"Bwana Edmond anasema ulitia karafe mu chombo ya maziwa."

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, Béata alikasirika. "Chuma mu kyansi yangu? Papa Sajini, weye njo mutoto ya wafugaji. Mama yako alikuwa anaweka chuma mu maziwa? Ng'ombe zetu zingekauka zote. Mimi ningeweka mutoto mu kyansi mbele ya kuweka feza."

Kanamugire alimwamini kuanzia kisogo hadi kisigino. Alikulia kwenye moshi wa vyombo vya maziwa, na alijua kwamba mwanamke wa vilima hivi hawezi kutumbukiza chuma katika chombo cha mti cha kukamulia, hata kwa kutishwa. Lakini alimjua pia Bwana Ajenti. Ukimpelekea desturi ya ng'ombe atakuuliza karafe iko wapi, na ukimpelekea maana ya neno feza atasema mshitakiwa amebadilisha maneno. Ilibidi ampelekee kitu cha kushika mkononi. Huko mbele mtu alipiga kelele kwamba nusu ya lori imejaa.

Salon ya Madame Colette ilikuwa na giza hata mchana, kwa sababu kila kitu ndani yake kilikuwa kikubwa kupita dirisha. Kabati lilisimama ukutani, mti mweusi uliochongwa nguzo, matunda na vichwa vya watu wenye ndevu. Madame alikuwa ameketi mbele yake akifuma sweta. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti kavu, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amechoka kupoteza vitu.

"Madame anisamehe. Hii kabati nayo iko ya mufalme?"

Madame aliinua macho, na karibu acheke. "Banaiita ya Mufalme Henri. Lakini ilitoka mu atelie ya mafundi, Paris, wakati ya baba yangu. Wakati ile batu balipenda hivyo, Sajini. Kitu mupya inavaa nguo ya zamani. Kiti, saa, sahani, yote. Kitu ya zamani kabisa mu nyumba hii ilikuwa moja tu."

"Karafe."

"Karafe. Ilitengenezwa mbele ya babu ya babu yangu kuzaliwa. Edmond njo aliileta, mwaka iliyopita. Nilimupatia malisho ya kule mutoni, yenye alifungia ng'ombe za majirani, yeye akanipatia karafe. Kesho kutwa kuko Bwana mumoja wa Bruxelles anapita, mujuzi wa vitu vya kale, alikuwa anakuja kuiona. Sasa ataona nini?"

Kanamugire aliuweka moyoni ule ugeni wa keshokutwa. Macho yake yalikuwa mezani. Juu ya kitambaa cheupe, chenye doa dogo la kahawia, palikuwa na maua ya dalia, mekundu na ya manjano, yamerundikwa mengi mno hadi majani yakafunika mdomo wa chombo chao. Chini ya majani kilionekana kioo kizito.

"Maua mazuri. Ni Madame aliyachuma?"

"Ni Edmond. Jumatatu asubui. Alisema salon iko na huzuni. Yeye mwenyewe alitafuta vaze, akaniambia kuko vaze nyingi mu sanduku ya zamani, haifai kukaa bila kazi." Alirudia kufuma. "Iko mutoto muzuri, akitaka."

"Madame aliisha kuishika?"

"Nishike maua? Nilikuwa nalia karafe."

Sajini aliomba ruhusa, akayatoa maua shada zima na kuyalaza juu ya gazeti. Kilichobaki mezani kilikuwa chombo cha kristali chenye mabega mapana na shingo fupi. Mistari ilizunguka kutoka kitako kwenda juu. Alipitisha kidole polepole juu ya mdomo wake, nao ukamkwaruza. Ukingo wote ulikuwa wa kijivu, haukung'arishwa. Huko chini fundi alikuwa amekisugua kioo hadi kikatoa nuru, mstari kwa mstari, na huku juu, mahali pa kwanza panapoguswa na mkono wa mtu, ameacha kazi kama aliyeitwa chakula.

Hakuna fundi wa namna hiyo, alijiambia. Fundi huacha ukingo mbovu pale tu anapojua kwamba hautaonekana. Na kuizunguka ile shingo, chini kidogo ya ukingo, palikuwa na alama nyeupe ya kitu kilichokauka.

"Madame," alisema, na sauti yake ilitulia sana, "naomba hii vaze isiguswe na muntu yeyote. Hata na Bwana Edmond. Makuza atasimama hapa."

"Ni vaze tu, Sajini."

"Ni vaze tu," alikubali Kanamugire, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Leteri, chumba cha maziwa na siagi, kilikuwa ng'ambo ya ua. Humo alimkuta Gustave, mpishi wa Madame, mtu wa Walikale aliyezoea kuyacheka mambo ya ng'ombe, akifunika mapipa. Pembeni palikuwa na debe la siagi, limefungwa kwa waya, limeandikwa Omate kwa rangi nyeusi.

"Papa Gustave, nani anatumiaka mayi ya moto humu?"

"Mimi. Na wale wa kuosha bidoni za maziwa."

"Na Jumapili?"

Gustave alifikiri. "Jumapili Bwana Edmond aliomba beseni ya mayi ya moto. Alisema anaosha miguu. Nikasema nitakuletea mu chumba. Akasema hapana, anaosha humu humu. Akafunga mulango." Alitikisa mabega. "Mweupe akitaka kuoshea miguu mu siagi, mimi ni nani?"

"Beseni iko wapi?"

Ilikuwa nyuma ya mlango, imepinduliwa. Kwenye sakafu ya sementi chini yake palikuwa na vipande vidogo vyeupe, vimegandamana.

"Hiyo ni maziwa ya kuganda," alisema Gustave. "Wale wafugaji wenu banamwaga kila pahali."

Kanamugire alichukua kipande akakisugua kati ya vidole. Mtindi uliokauka huacha mafuta, na harufu yake humfuata mtu hadi kanisani. Hiki kilivunjika kikawa unga, kikavu, bila harufu. Aliutambua unga ule. Mafundi wa kanisa walikuwa wameutumia kupiga dari, naye alikuwa ameupangusa mabegani Jumapili nyingi. Ilikuwa jasi.

Basi feza ya karafe haikuota juu ya kioo. Iligandishwa kwa jasi, na mtu mwenye subira na beseni la maji ya moto aliilegeza akaivua kama kofia. Karafe nzima haikuweza kutoka katika nyumba ile bila kuonekana, maana Makuza na wenzake waliipekua Jumatatu hadi chini ya magodoro. Lakini walitafuta karafe. Hakuna aliyetafuta vaze. Ilibaki ile kofia ya feza, nayo ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kukaa popote.

"Debe hii ya Omate, nani alifunga?"

"Njo hiyo ninashangaa," Gustave alisema. "Kila safari mimi njo ninajazaka siagi ya kambi. Safari hii Bwana Edmond alisema niende kupumuzika. Akajaza yeye mwenyewe, akafunga na waya. Muntu mwenye hajue hata kupaka siagi ku mukate."

Kanamugire alinyoosha mkono hadi kwenye waya, kisha akaurudisha. Hapo ndipo alipoonyesha kwamba miaka yake ya kazi haikupotea. Sajini mweusi hafungui mzigo wa mzungu. Akiufungua na kukuta siagi, amekwisha. Akiufungua na kukuta feza, itasemwa ameitia yeye. Lakini siagi ilikuwa ya nani? Siagi, hadi itoke katika lango la shamba, ilikuwa ya Madame.

"Papa Gustave, beba debe. Twende salon. Kama muntu anauliza, sema Madame anataka kuonja."

Walipoingia, Bwana Edmond alikuwa ameshafika, amevaa koti la safari, kijana mrefu mwenye nywele za mchanga na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa. Alikuwa anamuuliza Makuza kwa nini askari analinda maua. Bwana Ajenti naye alisimama mlangoni.

"Lori imejaa, Sajini."

"Nami nimemaliza, Bwana Ajenti. Naomba nimuulize Bwana Edmond neno moja mbele ya Madame, halafu tunaenda."

Ajenti alitazama saa, akaitikia kwa kichwa.

"Bwana Edmond," alisema Kanamugire kwa adabu nyingi, "Jumatatu uliona Béata anatia karafe mu chombo ya maziwa. Karafe nzima?"

"Nzima. Nilishasema."

"Na kioo yake?"

"Na kioo, na feza, na mupini. Nzima kabisa. Nirudilie mara ngapi?"

"Basi, imetosha. Bwana Ajenti, naomba upitishe kidole hapa."

Ajenti aliweka kikombe chini. Aligusa ukingo wa ile vaze, akauvuta mkono haraka, akatazama kidole chake. Kanamugire alimwonyesha doa la damu kwenye kitambaa, akamweleza kuhusu kidole cha Béata kilichokwaruzwa bila kukatwa, akaweka ule unga mweupe mezani kando ya alama nyeupe ya shingoni. Alisema machache. Madame Colette alikuwa ameacha kufuma. Aliinuka, akakishika kioo kwa mikono miwili, akafuata mistari yake kwa kidole gumba, kutoka kitako hadi mabegani.

"Ni yangu," alisema. "Bila kofia yake sikuijua. Ilikuwa hapa. Nimekula mbele yake kila siku."

"Haijatoka mu nyumba hii, Madame. Jumatatu asubui, Béata akiwa hapa, ilikuwa ni vaze tayari. Alitia mayi ndani yake." Kanamugire alimgeukia Edmond. "Sasa Bwana Edmond aliona nini mu maziwa?"

Lile tabasamu lilikaa kidogo, halafu likaondoka. "Nilikosea. Aliiba ile feza peke yake. Aliivunja, akabeba feza. Alikubali mwenyewe."

"Madame," Sajini alisema kama asiyesikia, "debe hii ya siagi ni ya nani?"

"Ni yangu. Siagi yote ni yangu."

"Acha hiyo," alisema Edmond. "Ni muzigo wangu wa Omate."

"Siagi yangu," Madame alirudia, na safari hii sauti yake kavu ilikuwa na makali, "ninaifungua wakati ninataka. Gustave, kata waya."

Gustave aliikata kwa raha ya mtu aliyezuiwa kazi yake. Alizamisha mwiko, ukagonga. Alikunja mkono wa shati, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akachezacheza humo huku akitazama dari, halafu akatoa kitu kinachoteleza, akakifuta kwa aproni. Makombe yakatokea. Majani ya matete yakatokea. Kanamugire alikipokea, akakishusha juu ya shingo ya kioo, na kikaingia barabara, kikafunika ule ukingo mbovu kama ilivyokusudiwa na fundi wake. Karafe ya Madame Colette ikasimama mezani, nzima, ikinuka siagi.

Sajini Kanamugire alifurahi. Alifurahi waziwazi, meno nje, mbele ya wazungu watatu.

"Kwa nini?" Bwana Ajenti alimuuliza Edmond. "Ni wewe uliileta. Unaiba kitu ulichompa Madame mwenyewe?"

Edmond alianza kufunga vifungo vya koti lake la safari.

"Madame," Kanamugire alisema, "naomba uma moja ya harusi yako."

Aliletewa. Aliugeuza, akatafuta, akaweka uma na karafe karibu na mwanga. Kwenye feza ya shingo, nyuma ya mpini, palikuwa na mhuri mdogo: kichwa cha mwanamke amevaa kofia ya vita. Kwenye mpini wa uma palikuwa na kichwa kile kile.

"Hizi uma zilitengenezwa wakati gani?"

"Mwaka ya harusi yangu. Mupya kabisa. Hiyo alama njo ya serikali yetu ya Ufaransa, kila feza mupya inaipata, ya wakati ya wafalme haikuwa nayo..." Madame alisogea kwenye mwanga. Alitazama uma, akatazama karafe, akatazama kabati lake la Mfalme Henri. Alipozungumza tena alikuwa anamtazama mpwa wake. "Iko kama kabati. Kitu mupya, nguo ya zamani. Na mujuzi wa Bruxelles angesoma ile alama mbele ya kukaa ku kiti. Ulijua, Edmond."

"Shangazi, niliambiwa ni ya..."

"Ulijua. Ulichukua malisho yangu, na ulitaka karafe ipotee mbele ya mujuzi kufika. Na mama ya mutoto aende gereza ili weye usipate haya."

Hakupaza sauti.

Bwana Ajenti alikuwa mtu wa haraka, lakini hakuwa mtu wa kukataa kilicho mbele ya pua yake. Alivuta koti lake vizuri. "Utapanda lori na mimi, Bwana Edmond. Goma utaeleza." Na Edmond akapanda, mbele, karibu na dereva, kwa sababu siku zile hata aibu ilikuwa na madaraja. Wapakizi walikaa juu ya viazi wakamwimbia.

Madame Colette alitoka mwenyewe hadi kwenye jiwe la kufulia. Alisimama mbele ya Béata, akamshika ule mkono wenye kidole kilichokwaruzwa. "Unisamehe, mwanangu," alisema. "Na kule mutoni ng'ombe zenu zitakunywa mayi tena, malisho inarudi kwangu." Béata aliinamisha kichwa, kisha akauliza kama anaweza kwenda kunyonyesha.

"Bado kidogo," alisema Kanamugire. "Kuko kielelezo moja."

Isidore karani alikuwa amekuja na lori, kalamu sikioni, na alikuwa anaandika maandishi mapya kwenye goti lake. Kanamugire alimwomba ile bahasha iliyobandikwa siku ya kwanza, ushahidi uliokamatwa katika kikwembe cha mshitakiwa. Juu yake palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko mzuri sana, neno lile lile moja. Ndani zililia sarafu chache.

Isidore alilitazama neno lake. Masikio yalimwiva.

"Niandike nini sasa, Sajini?"

Béata alikuwa ameshaipokea bahasha. Alizimwaga sarafu kiganjani, akazifunga kwenye pindo la kikwembe kwa mafundo mawili, akatwaa kyansi yake iliyokaa tupu tangu Jumatatu, akaiweka kichwani. Alinyooka. Alianza kushuka kilima, na alipofika langoni aligeuka, akasema kwa sauti ambayo wapakizi waliisikia hadi juu ya viazi:

"Kaka Isidore, andika vile vile nilisema. Njo mimi nilibeba feza."